Damu Moto, Damu Baridi: Tofauti za Seli Nyekundu Miongoni mwa Farasi na Jamaa Zake

Utangulizi

Katika Kiswahili, damu ni zaidi ya kiowevu kinachozunguka mwilini. Damu ni ukoo, ni nasaba, ni tabia anayoirithi mtu kutoka kwa waliomzaa. Ndiyo maana husemwa kwamba jambo fulani limo katika damu yake. Wafugaji wa farasi wa Ulaya nao waliitumia damu kwa maana iyo hiyo kwa muda mrefu kabla ya wataalamu kuihesabu kwa hadubini. Farasi wepesi, wenye ngozi nyembamba na moyo wa kushtuka upesi, waliitwa farasi wa damu moto. Hao ni kama farasi wa Kiarabu na wale wa mbio wajulikanao kama Thoroughbred. Farasi wazito waliovuta majembe na magari ya mizigo, wapole na wasio na papara, kama vile Shire wa Uingereza, Clydesdale wa Uskoti na Percheron wa Ufaransa, wakaitwa wa damu baridi.

Istilahi hizi ni sitiari tupu. Joto la mwili wa farasi wa mbio aliyetulia na la mwenzake wa jembe ni lile lile, yaani takriban nyuzi 38 za selsiasi. Hata hivyo, sitiari hiyo iligusa ukweli ambao walioiunda hawakuwa na njia ya kuujua: damu ya makundi haya mawili hutofautiana kwelikweli, si kwa joto bali kwa idadi na wingi wa seli zake nyekundu. Isitoshe, ukitoka kwa farasi na kuwaendea jamaa zake, yaani punda na punda milia, pamoja na machotara wanaozaliwa kati yao, tofauti huzidi kupanuka.

Makala haya yanafafanua tofauti hizo na sababu zake. Dai lake ni kwamba hakuna kitu kimoja kinachoweza kuitwa damu ya kawaida ya farasi, na kwamba takwimu ya damu inayosomwa bila kuuliza ni ya mnyama gani, na ilitolewa akiwa katika hali gani, inaweza kumpotosha daktari hata mnyama akafa mikononi mwake.

Jambo moja la kiistilahi lafaa kutanguliwa. Neno nyumbu, kwa mujibu wa kamusi, humtaja mnyama wa mbugani anayehama kwa makundi kati ya Serengeti na Maasai Mara, na vilevile mnyama azaliwaye kwa punda dume na farasi jike. Wakenya wengi wakisikia nyumbu humfikiria yule wa kwanza, ambaye si jamaa ya farasi hata kidogo. Ili kuepusha utata, chotara wa punda na farasi ataitwa hapa baghala, neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu na ambalo kamusi zetu bado zinalihifadhi.

Seli yenyewe

Seli nyekundu, au chembechembe nyekundu za damu kama zinavyoitwa katika vitabu vingi vya shule, ni vifuko vidogo visivyo na kiini vilivyojaa himoglobini. Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Himoglobini ya farasi ina nafasi ya pekee katika historia ya sayansi, kwani ndiyo aliyoitumia Max Perutz kule Cambridge katika kazi ya zaidi ya miaka 20 iliyofichua umbo la protini hiyo, kazi ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1962 pamoja na John Kendrew.

Seli nyekundu ya farasi ni ndogo. Kipenyo chake ni chini kidogo ya mikrometa 6, ilhali ya binadamu hukaribia 7.5, na ukipima ujazo, seli ya farasi ni takriban nusu tu ya ile ya binadamu. Udogo huo hufidiwa kwa wingi. Binadamu mwenye afya huwa na seli kati ya milioni 4 na 6 katika kila mikrolita ya damu, lakini farasi wa damu moto anaweza kufikisha milioni 12 pasi na ugonjwa wowote. Seli nyingi ndogo zina eneo kubwa la juu kuliko seli chache kubwa zenye ujazo ule ule, na oksijeni huingia na kutoka kupitia eneo hilo.

Kuna sifa nyingine mbili ambazo humshangaza mtu aliyezoea damu ya binadamu. Ya kwanza ni kwamba seli hizi hupenda kushikana ubavu kwa ubavu na kujipanga kama sarafu zilizorundikwa. Damu ya farasi ikiachwa katika kijineli cha kioo, marundo hayo huzama chini upesi sana na kuacha majimaji ya manjano juu, jambo ambalo katika damu ya binadamu lingemfanya tabibu ashuku maradhi. Kwa farasi, hiyo ni hali ya kila siku. Mwanafunzi wa maabara aliyetazama mipangilio hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba seli zimegandamana kwa sababu ya kingamwili; njia ya kutofautisha ni kuongeza maji ya chumvi, kwani marundo ya kawaida hutengana ilhali mgandamano wa kingamwili hubakia. Tofauti hii ndogo itakuwa na uzito mkubwa tutakapofika kwa baghala.

Sifa ya pili inahusu uboho wa mifupa, ambamo seli nyekundu huzaliwa. Binadamu, mbwa au paka akipoteza damu nyingi, uboho wake huharakisha kuziachilia seli changa ziingie katika mzunguko kabla hazijapevuka, na daktari akiziona hujua kwamba mwili unapambana. Uboho wa farasi hauna haraka hiyo. Huzishikilia seli zake hadi zipevuke kikamilifu, hata pale mnyama anapokuwa na upungufu mkubwa wa damu. Kwa hiyo tone la damu halimwambii daktari kama farasi anapona au la. Humbidi apime tena na tena kwa siku kadhaa, au atoe sampuli ya uboho wenyewe. Mtu aliyesomea mbwa pekee atatafuta dalili ambayo kwa farasi haiji.

Damu moto na damu baridi kwa takwimu

Kipimo kinachotumiwa zaidi huitwa hematokriti, yaani sehemu ya damu inayochukuliwa na seli nyekundu ikilinganishwa na majimaji. Kwa farasi wa damu moto, vitabu vya tiba ya mifugo hutaja hematokriti ya kati ya asilimia 32 na 53, na idadi ya seli kati ya milioni 6.8 na 12.9 kwa mikrolita. Kwa farasi wa damu baridi, hematokriti huwa kati ya asilimia 24 na 44, na seli kati ya milioni 5.5 na 9.5. Farasi wafupi, kama wale wa visiwa vya Shetland, hukaribiana na kundi hili la pili, ingawa hakuna anayeweza kuwalaumu kwa uzito.

Tazama basi maana ya takwimu hizi. Hematokriti ya asilimia 28 kwa Clydesdale ni habari njema. Kwa farasi wa mbio anayefanya mazoezi katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, asilimia iyo hiyo ni onyo kwamba kuna damu inayopotea, au vimelea vinavyoharibu seli, au uboho uliochoka.

Wala si wingi wa seli pekee. Farasi wa mbio huwa na takriban mililita 100 za damu kwa kila kilo ya mwili wake, ilhali farasi wa jembe huwa na karibu 70. Moyo wa farasi wa mbio, na hata wengu wake, ni mkubwa zaidi ukilinganishwa na uzito wa mwili. Sababu si fumbo. Farasi wote wa Thoroughbred huunganishwa kwa upande wa baba na madume watatu tu walioletwa Uingereza kutoka Mashariki kati ya mwisho wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18, nao ni Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Tangu hapo, aliyeshinda ndiye aliyezalishwa. Mfugaji aliyemchagua mshindi hakujua kwamba alikuwa akichagua pia damu yenye seli nyingi, lakini kizazi baada ya kizazi ndicho alichokuwa akifanya. Farasi wa jembe alichaguliwa kwa nguvu za mabega na utulivu, na kazi yake ya mwendo wa pole haikudai oksijeni ya ghafla kwa kiasi hicho.

Wengu: ghala la dharura

Hapa ndipo farasi anapotofautiana zaidi na binadamu. Wengu, ambao wasemaji wengine huuita bandama, ni kiungo kinachochuja damu na kuondoa seli zilizozeeka. Wengu wa binadamu hauhifadhi seli nyingi. Wa farasi ni ghala lenye kuta za misuli, na farasi akiwa ametulia unaweza kuweka akiba ya thuluthi moja ya seli zake zote nyekundu au hata zaidi. Mara tu mnyama anaposhtuka au kuanza kukimbia, adrenalini huuamuru wengu ujikaze, na akiba yote hiyo husukumwa katika mzunguko kwa muda usiozidi dakika moja hivi. Hematokriti iliyokuwa asilimia 40 hupanda hadi 60 au zaidi. Wakati huo huo moyo, uliokuwa ukipiga mara 30 au 40 kwa dakika, hufikisha mapigo zaidi ya 220.

Matokeo yake ni uwezo ambao hakuna mwanariadha wa kibinadamu anayeukaribia. Mkimbiaji wa kimataifa wa mbio ndefu hutumia takriban mililita 80 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika anapofikia kilele chake; farasi wa mbio hutumia 160 na kupita. Watafiti wamewapima farasi walioondolewa wengu kwa upasuaji na kukuta kwamba kilele chao cha matumizi ya oksijeni hushuka. Mtafiti Persson wa Uswidi, aliyechapisha utafiti wake mwaka wa 1967, alionyesha kwamba uwezo wa farasi wa kufanya kazi hauwezi kukadiriwa kwa damu ya farasi aliyetulia, kwa kuwa sehemu kubwa ya seli zake imefichwa. Alipendekeza kwamba jumla ya seli ipimwe baada ya wengu kumwaga akiba yake.

Kutokana na hayo, sampuli ya damu ya farasi ni kama picha ya mtu iliyopigwa bila yeye kujiandaa: lazima uulize alikuwa akifanya nini. Farasi wa Kiarabu aliyemwona mgeni mwenye sindano, akapiga kwato na kuzungushwa uani kabla ya kushikwa, atatoa damu inayoonekana nzito ya kupendeza. Huenda ana upungufu wa damu, lakini hofu imeuficha. Kinyume chake, dawa za kutuliza, hasa ile iitwayo asepromazini, huulegeza wengu ukazimeza seli, na farasi mzima akaonekana mgonjwa. Farasi wa damu baridi, kwa kuwa hashtuki upesi, humpotosha daktari kwa nadra zaidi. Pengine hilo nalo ni sehemu ya upole wake.

Tamaa ya kuongeza seli nyekundu ilizaa msiba katika viwanja vya mbio. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 imekuwapo homoni iliyotengenezwa viwandani kwa mfano wa ile ya binadamu inayoamuru uboho uzalishe seli nyekundu. Ilikusudiwa wagonjwa wa figo. Baadhi ya wakufunzi wa farasi waliwadunga wanyama wao homoni hiyo kwa siri wakitarajia ushindi. Walisahau kwamba homoni ya binadamu si homoni ya farasi. Mwili wa farasi huitambua kuwa ngeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake, na kingamwili hizo huishambulia pia homoni ya farasi mwenyewe kwa kuwa zinafanana. Uboho basi hukosa amri ya kuzalisha seli. Ripoti za kitabibu za miaka ya 1990 zilieleza farasi wa mbio waliopatwa na upungufu mkali wa damu kwa njia hii, na baadhi yao walikufa. Ni kejeli chungu kwamba mnyama ambaye asili ilimpa ghala la seli alipokonywa hata zile za kawaida na mtu aliyetaka kumwongezea.

Kuna farasi ambao waliongezewa uwezo na mazingira, si na wakufunzi. Farasi wa nyanda za juu za Tibet huishi mahali ambapo hewa ina oksijeni chache mno. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba wana mabadiliko katika jeni iitwayo EPAS1, ambayo huongoza mwitikio wa mwili kwa uhaba wa oksijeni. Watu wa Tibet nao wana mabadiliko katika jeni iyo hiyo, ila kwa binadamu huizuia damu isiwe nzito kupita kiasi, ilhali kwa farasi mabadiliko hayo huongeza nguvu ya jeni.

Punda si farasi mdogo

Farasi ana kromosomu 64, punda 62. Nasaba zilizowazaa farasi, punda na punda milia wa leo zinakadiriwa kuwa na mzazi mmoja aliyeishi miaka milioni 4 hivi iliyopita. Huo ni muda wa kutosha kuibadilisha damu, lakini kwa miaka mingi punda alitibiwa kwa jedwali la takwimu za farasi, kana kwamba tofauti pekee kati yao ni urefu wa masikio.

Seli nyekundu za punda ni chache na kubwa. Idadi yake huwa kati ya milioni 4.4 na 7.1 kwa mikrolita, na hematokriti kati ya asilimia 27 na 42. Daktari anayeshika jedwali la farasi wa damu moto atamkuta punda mzima ana upungufu wa damu wenye seli zilizovimba, na ataanza kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Farasi akikaukiwa na maji, majimaji ya damu hupungua na hematokriti hupanda. Ndivyo daktari anavyokadiria kiasi cha maji cha kumrudishia. Punda hulinda majimaji ya damu yake kwa ukaidi. Hematokriti yake haianzi kupanda kwa namna ya kuonekana mpaka awe amepoteza maji yanayofikia asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake, kiwango ambacho farasi angekuwa mahututi. Uwezo huu ni urithi wa jangwa, kwani punda wa kufugwa alitokana na punda mwitu wa Afrika. Mwanafiziolojia Mkenya G.M.O. Maloiy alichapisha mwaka wa 1970 utafiti kuhusu matumizi ya maji ya punda wa Kisomali, mmojawapo wa tafiti zilizoweka wazi jinsi mnyama huyu anavyostahimili kiu. Punda anayebeba mitungi ya maji Kajiado au mawe ya matumbawe Lamu haonyeshi kiu yake katika damu, na tena hana desturi ya kulalamika. Akiletwa kwa daktari akiwa na maumivu ya tumbo, na hematokriti yake ikasomeka asilimia 38, anayemtibu kama farasi atasema hali si mbaya. Huenda punda huyo amebakiza saa chache.

Haiwezekani kumzungumzia punda wa Kenya na damu bila kutaja ejiao, gundi inayochemshwa kutokana na ngozi ya punda na ambayo tiba ya jadi ya Uchina huisifu kwamba inaongeza damu ya binadamu. Kwa ajili yake machinjio yalifunguliwa nchini kuanzia mwaka wa 2016. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka wa 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka wa 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaidhinisha marufuku ya bara zima. Ngozi, kama ijulikanavyo, haina uboho wala haitengenezi seli nyekundu.

Punda milia

Kuhusu punda milia maelezo lazima yawe mafupi, na sababu yake imekwisha kuelezwa katika sehemu ya wengu. Punda milia hasimami apimwe damu. Ama hufukuzwa kwa gari, na wengu ukajikaza, ama hupigwa dawa ya kulaza, na wengu ukalegea. Takwimu ya damu ya punda milia inaeleza mambo ya mnyama na ya mkamataji wake kwa pamoja, na asiyetaja njia iliyotumika hajasema mengi.

Kilicho wazi ni kwamba seli nyekundu za punda milia huweza kuishi na vimelea ambavyo kwa farasi ni janga. Vimelea vya Theileria equi, vinavyosambazwa na kupe, huingia ndani ya seli nyekundu na kuzipasua. Farasi mgeni akiambukizwa huweza kufa, ilhali punda milia wengi huvibeba bila dalili. Aidha, mwezi Machi 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kitu ambacho farasi, punda na punda milia wanashiriki wote: katika jeni iitwayo KEAP1 kuna alama ambayo kwa kawaida huamuru utengenezaji wa protini ukome, lakini miili ya wanyama hawa huipita alama hiyo na kuendelea. Matokeo yake ni kwamba chembe zao hutengeneza nishati zaidi kwa oksijeni na kujikinga vyema dhidi ya madhara yake. Tofauti za damu zilizoelezwa hapa zimejengwa juu ya msingi huo mmoja.

Jamaa hawa huzaana, ijapokuwa machotara wao kwa kawaida huwa tasa. Nanyuki, enzi za ukoloni, mfugaji Raymond Hook aliwazalisha machotara wa farasi na punda milia wa Grevy ili wabebe mizigo kuelekea Mlima Kenya. Lakini chotara aliyeenea duniani kuliko wote ni baghala, na ni katika damu yake ambamo tofauti za jamaa hizi hukutana ana kwa ana.

Baghala na dang'a ya mama yake

Eneo la Poitou, magharibi mwa Ufaransa, lilikuwa mashuhuri kwa kuzalisha baghala. Lilikuwa na punda wake wakubwa wenye manyoya marefu na farasi wake majike wazito waliofugwa hasa kwa ajili ya kupandwa na punda hao. Wafugaji walijua jambo la kuhuzunisha. Mtoto wa baghala alizaliwa mzima, akasimama, akanyonya, kisha baada ya siku moja au mbili akalegea, macho na ufizi vikageuka manjano, mkojo ukawa mwekundu, naye akafa. Mara nyingi mzaliwa wa kwanza wa farasi jike yule alikuwa amepona. Msiba ulianza kwa wa pili au wa tatu, na ukishaanza ulirudi.

Mwaka wa 1947, Jacques Caroli na Marcel Bessis walieleza chanzo chake. Juu ya kila seli nyekundu kuna alama za kemikali ziitwazo antijeni, na ndizo zinazounda makundi ya damu. Farasi wana mifumo kadhaa ya makundi hayo. Wakati wa kuzaa, damu kidogo ya mtoto huweza kupenya katika damu ya mama. Ikiwa mtoto amerithi kutoka kwa baba antijeni ambayo mama hana, mwili wa mama huiona kuwa adui na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Mtoto huyo wa kwanza tayari ametoka, hivyo husalimika. Atakayefuata, akiwa na antijeni ile ile, atakutana na jeshi lililokwisha kuandaliwa.

Kwa binadamu, ugonjwa unaolingana na huu humdhuru mtoto angali tumboni, kwa kuwa kingamwili za mama hupita katika kondo. Kondo la farasi halipitishi kingamwili. Mtoto wa farasi na wa baghala huzaliwa bila kinga karibu yoyote, naye huipata yote kwa kunyonya dang'a, yaani yale maziwa mazito ya kwanza. Kwa takriban saa 24 za mwanzo, utumbo wake huziruhusu kingamwili zipite nzima hadi katika damu, kisha mlango hufungwa. Dang'a hiyo ndiyo inayomlinda dhidi ya maradhi ya dunia. Na dang'a iyo hiyo, mama akiwa na kingamwili dhidi ya seli za mtoto, ndiyo inayomwua.

Miongoni mwa farasi watupu, tatizo hili huwapata watoto wachache: takriban asilimia 1 ya Thoroughbred, hasa kutokana na antijeni ziitwazo Aa na Qa. Kwa baghala, kiwango kinakadiriwa kufikia asilimia 8 hadi 10. Sababu ilibainishwa na watafiti wa Marekani katika miaka ya 1994 na 1995. Seli nyekundu za punda zina antijeni ambayo farasi hawana kabisa, nayo hurithiwa na baghala. Maana yake ni kwamba farasi jike wa Thoroughbred anaweza kutafutiwa dume wa kundi la damu linalopatana naye, lakini farasi jike anayepandwa na punda hana punda wa kupatana naye. Kila mimba ya baghala ni mimba ya damu iliyo ngeni.

Msiba huu unazuilika, na kwa gharama ndogo. Kabla mtoto hajanyonya, matone machache ya dang'a ya mama huchanganywa na maji ya chumvi, kisha na damu ya mtoto, na kijineli huzungushwa kwa kasi ili seli zishuke. Seli zikigandamana chini na kukataa kutengana kijineli kinapoinamishwa, dang'a ina kingamwili zinazomlenga mtoto huyo. Wakati huo mtoto hufungwa kizuizi mdomoni na kupewa dang'a ya farasi mwingine ambaye hajawahi kupandwa na punda, naye mama hukamuliwa na dang'a yake kumwagwa. Baada ya siku mbili hivi utumbo wa mtoto umekwisha kufungwa, na kizuizi huondolewa. Tangu hapo maziwa ya mama yake hayana tena njia ya kuifikia damu yake, naye hunyonya kama watoto wengine.